Kesi tano ndani ya Brown: ukiwa na kipindi kimoja tu, uchukue ipi?

Ukitaja "Brown dhidi ya Bodi ya Elimu" wengi wanajua ni ile hukumu ya Marekani ya tarehe 17 Mei 1954, majaji 9 kwa 0, iliyosema kuwatenga watoto weusi na weupe kwenye shule za serikali ni kinyume na Katiba, basi, tunafunga daftari. Kinachosahaulika ni kwamba Brown ni furushi. Mle ndani kuna kesi kutoka majimbo manne, Kansas, South Carolina, Virginia na Delaware, afu kuna ya tano ya jiji la Washington lenyewe ambayo hukumu yake ilisomwa siku hiyohiyo ila kwa karatasi yake. Sasa mtu ukiambiwa uandae mada ya dakika 40, au unaandaa mahakama ya kuigiza na wanafunzi, au unataka tu kumsimulia mwanao, lazima uchague. Zote tano hazibebeki. Nilishajaribu, haikufika nusu saa watu wakawa wanachanganya majina ya kesi, Briggs na Bolling (hii ndo ya Washington) na Belton na nani tena yule.

Mwaka wa kwanza nilichukua ya Topeka, Kansas, kwa sababu moja tu ya kijinga, ndo yenye jina. Nikaielezea vizuri nikajisifu moyoni, afu mtoto mmoja wa kidato cha tatu aliyekaa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama majengo yalikuwa yanalingana, walimu wamesoma, na basi la shule wanapewa, sasa hawa walikuwa wanadai nini?" Nikababaika kweli. Jibu lipo, tena ndo jibu lililoshinda kesi, ila halikai kichwani mwa mtu ambaye hajaona kwanza ubaguzi wenyewe ulivyokuwa. Ndo nikaanza kuzipanga hizi kesi upya moja pembeni ya nyingine, na hiki ndo nilichopata.

Ila kwanza dakika tano za msingi, hizi utazihitaji hata uchague ipi. Mwaka 1896 kwenye kesi ya Plessy, ambayo ilihusu behewa la treni huko Louisiana wala sio shule, Mahakama ya Juu ilisema kuwatenga watu kwa rangi sio kosa ilimradi huduma ziwe sawa. Jaji mmoja tu, Harlan, ndo aliyekataa. Baada ya hapo majimbo yakashika ile sehemu ya kutenga na ile ya "sawa" wakaiacha ioze. Charles Hamilton Houston, aliyekuwa mkuu wa kitivo cha sheria Howard, chuo cha weusi pale Washington, akaja na akili moja nzuri sana: usianze na shule za msingi, anzia juu, vyuo vya sheria, maana jimbo haliwezi kumjengea mwanafunzi mmoja mweusi chuo kizima chenye hadhi, na majaji wenyewe wamesoma sheria, chuo feki wakikiona wanakijua. Wakashinda Missouri mwaka 1938, afu tarehe 5 Juni 1950 wakashinda mbili kwa mpigo, ya Sweatt ya Texas na ya McLaurin ya Oklahoma. Huyu McLaurin alikuwa mtu mzima, chuo kilimpokea lakini wakamwekea meza yake peke yake maktaba, meza yake kantini, na darasani kiti chake cha pembeni. Mahakama ikasema hapana, hata hivyo mnamnyima elimu. Houston hakuiona siku hiyo, alifariki Aprili. Kazi ikabaki kwa wanafunzi wake, mkubwa wao Thurgood Marshall. Haya, twende kwenye tano zetu.

Walianza wakiomba nini

Hapa ndo pananifurahisha zaidi, maana ukiziweka pembeni kwa pembeni unaona nyingi zilianza kwa ombi dogo sana.

Clarendon, South Carolina, walikuwa wanataka basi. Basi moja. Kaunti ilikuwa na mabasi 30 ya watoto weupe na ya watoto weusi sifuri, kuna watoto walikuwa wanatembea hadi maili 9 kwenda shule, hizo ni kama kilomita 14 na bado hujarudi. Wazazi wakachangishana wakanunua la mtumba, likawa linaharibika kila siku, wakaomba angalau hela ya mafuta, wakanyimwa. Mkulima mmoja, Levi Pearson, akafungua kesi mwaka 1948, ikafutwa kwa kisingizio cha mpaka wa shamba, kwamba kodi analipia wilaya nyingine ya shule. Mchungaji Joseph DeLaine ndo akazunguka nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi mwaka 1949, zikazidi 100, na kwa kuwa majina yalipangwa kwa alfabeti, jina la juu likawa la Harry Briggs, kijana aliyetoka jeshi la majini, anafanya kazi sheli. Kesi ikabeba jina lake.

Delaware nako basi tena. Mama Sarah Bulah wa Hockessin alikuwa na binti, Shirley, anampeleka mwenyewe kwa gari kila siku kwenye kashule kadogo ka weusi, na huku basi la watoto weupe linapita hapohapo mbele ya nyumba yake. Akaandika barua serikalini hadi kwa gavana, kwamba jamani, si limsombe na huyu. Majibu yakawa hapana, basi la weupe ni la weupe. Akaenda kwa Louis Redding, wakili wa kwanza mweusi wa jimbo hilo, na Redding akamwambia yeye hasaidii mtu kupata basi la kibaguzi, kama anataka kumwingiza mtoto shule ya weupe hapo watashika kesi pamoja. Mama akakubali. Pembeni yake kulikuwa na familia ya Belton na wenzao wa Claymont, watoto wanaruka sekondari nzuri iliyo karibu na nyumbani wanapanda basi karibu lisaa kwenda Wilmington.

Farmville, Virginia, walitaka jengo. Washington walitaka kukaa kwenye madarasa ambayo yalikuwa matupu. Topeka ndo kidogo tofauti, pale NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, kilikuwa kishaamua tangu mwanzo kinataka ubaguzi wenyewe uondoke, wakatafuta wazazi, wakapata 13. Kati ya hao 12 ni akina mama na mwanaume ni mmoja, Oliver Brown, fundi wa kuchomelea kwenye karakana ya reli na msaidizi wa mchungaji, na jina lake ndo likaandikwa juu. Mi naona akina mama wale wamedhulumiwa kidogo na historia, ila hayo ni yangu.

Unaona mwendo wake? Watu wanaomba basi, mawakili wanawaambia tutawachukua mkikubali kubomoa nyumba nzima. Na mwaka 1950 hilo lilikuwa kubwa kweli, maana kuomba basi kunakuletea maneno lakini kuomba shule moja na weupe kunakuletea moto, na hapa simaanishi moto wa maneno.

Shule zenyewe zilikuwaje

Kama wasikilizaji wako ni watu wa kuona kwa macho, achana na Topeka kabisa. Shule za weusi Topeka zilikuwa zinalingana kiasi na za weupe, na kituko ni kwamba watoto weusi ndo waliokuwa na basi la shule, weupe hawana. Shida ya Linda Brown, darasa la tatu, ilikuwa hii: shule ya weupe ya Sumner ipo mitaa saba tu kutoka kwao, ila yeye anatoka nyumbani saa 1:40 asubuhi, anatembea akikatiza eneo la reli zinapopangwa treni mpaka kituo cha basi, basi wakati mwingine linachelewa, lingine linawahi mno mpaka anasimama nje ya shule ya Monroe kwenye baridi akisubiri saa 3 mlango ufunguliwe. Baba yake aliyaeleza haya mahakamani. Inauma, ndio, lakini ukimwambia hivyo mtoto anayetembea kilomita tano kwenda shule ya kata anakuangalia tu.

Clarendon ni namba. Mwaka wa masomo 1949-50 kila mtoto mweupe alitengewa dola 179, mweusi dola 43. Ukiandika hizo mbili ubaoni huna haja ya kuongea.

Washington ni picha ya mtaa. Shule ya weusi ya Shaw ilikuwa imechoka, maabara yake ya sayansi ilikuwa na kichomeo kimoja cha gesi na bakuli la samaki wa mapambo, hiyo ndo sayansi yote. Huku Sousa, shule mpya ya weupe, ina madarasa 42, ukumbi wa watu 600, na vyumba vingine havina mtu. Tarehe 11 Septemba 1950 kinyozi mmoja, Gardner Bishop, akawaongoza watoto 11 hadi mlangoni pa Sousa, wakakataliwa. Yule kinyozi hakuwa mtu wa vyeti, ni mzazi tu aliyechoka, na alikuwa haelewani hata na weusi wenye nazo wa mjini, aliona wanajali mambo yao. Huyu ni mhusika mzuri sana kama unaandika igizo.

Halafu Farmville. Sekondari ya Moton ilijengwa mwaka 1939 kwa wanafunzi 180, kufika 1951 wapo zaidi ya 450. Hakuna maabara, hakuna kantini, hakuna ukumbi wa michezo. Bodi badala ya kujenga ikasimamisha mabanda ya mbao yaliyofunikwa karatasi la lami, humo kuna jiko la kupasha moto, aliyekaa karibu nalo anaungua na wa mwisho anatetemeka na koti lake, mvua ikinyesha paa linavuja mtoto anafungua mwavuli darasani. Hii haihitaji kutafsiriwa kwa mtu yeyote aliyesoma shule zetu.

Mahakama za chini zilisemaje

Kwa wale wa sheria hii ndo sehemu yenu, na hapa mpangilio wa uzuri unageuka juu chini, zile zinazochosha watoto ndo tamu kwenu.

Topeka walishindwa mwaka 1951, ila kushindwa kwa ajabu. Majaji watatu walisema mikono yetu imefungwa na Plessy, shule zinalingana, hamna kesi, halafu haohao wakaandika kwenye matokeo yao kwamba kutengwa kwenyewe kunamwumiza mtoto mweusi, kunamfanya ajione duni na kunampunguzia hamu ya kusoma. Yaani wamekupiga chini huku wanakupa rungu la kwendea juu. Ndo maana yule mwanafunzi wangu alikuwa anauliza swali la Mahakama ya Juu bila kujua: ukiondoa tofauti zote za majengo, je kutenga peke yake ni ubaguzi? Topeka inauliza hilo likiwa tupu kabisa, hakuna pa kujificha, jaji hawezi kusema tu "wajengeeni ingine" akarudi kwake.

South Carolina ilisikilizwa Charleston Mei 1951, matokeo 2 kwa 1. Kule wakili wa serikali alisimama mwanzoni tu akakiri kwamba ni kweli shule haziko sawa, naomba muda turekebishe, ujanja huo, anataka kuua kesi kabla mashahidi hawajaongea. Gavana Byrnes alikuwa ameanzisha kodi ya mauzo ya asilimia 3 kujenga shule mpya za weusi ili tu watoto wasichanganyike, fikiria hiyo bajeti ya kulinda ubaguzi. Hapa ndo mwanasaikolojia Kenneth Clark alileta mambo ya midoli: aliwaonyesha watoto 16 wa Clarendon midoli ya kahawia na myeupe, 10 wakasema wa kupendeza ni mweupe, 11 wakasema mbaya ni wa kahawia. Watu wengi wanadhani midoli ndo ilishinda kesi, mi nadhani inakuzwa mno, watoto 16 ni wachache na hata upande wa mawakili weusi kulikuwa na waliokuwa wanaona aibu kuileta mahakamani. Kilichobaki na uzito ni maneno ya jaji Waties Waring, mzungu wa Charleston, aliyeandika peke yake kwamba kutenganisha kwenyewe ni kutokuwa sawa. Miaka mitatu baadaye Mahakama ya Juu ikasema karibu hayohayo.

Virginia walipigwa 3 kwa 0, majaji wakasema hawaoni madhara kwa upande wowote. Haina utamu wa kisheria, ipite.

Delaware ndo pekee iliyoshinda kule chini. Jaji Collins Seitz akaenda mwenyewe kuzitembelea shule, akaangalia kwa macho yake, na Aprili 1952 akaamuru watoto waingie shule za weupe mara moja. Alikuwa mwangalifu, akasema naona kutenga kunaumiza ila kuifuta Plessy sio kazi yangu ni ya Mahakama ya Juu, mi ninachoweza kusema leo ni kwamba hizi shule haziko sawa na dawa ya kutokuwa sawa ni kuingia sasa hivi, sio kusubiri zijengwe. Ikawa serikali ndo iliyokata rufaa. Wanafunzi weusi wakaanza Claymont Septemba 1952, karibu miaka miwili kabla ya hukumu yenyewe kubwa, na mbingu hazikuanguka.

Washington ni fumbo zuri la Katiba. Marekebisho ya 14, yanayodai ulinzi sawa wa sheria, yanazibana serikali za majimbo, na Washington sio jimbo. Sasa unamshika serikali kuu kwa kifungu gani? Wakili James Nabrit akatumia ya 5, kwamba hakuna mtu wa kunyang'anywa uhuru wake bila utaratibu wa haki, na tena alikataa katakata kuongelea samaki na kichomeo cha gesi, alitaka mahakama ijibu kuhusu kutenga kwenyewe. Mahakama ikamjibu kwamba haifikiriki Katiba iyakataze majimbo halafu iiruhusu serikali kuu. Kama unafundisha mwaka wa pili wa sheria chukua hii, wala usifikirie mara mbili.

Nani alilipa, na kiasi gani

Kwa hili nazitenga mbili juu kabisa. Clarendon kwanza. Harry Briggs alifukuzwa kazi sheli siku moja kabla ya Krismasi 1949. Mkewe Eliza alikuwa msafishaji kwenye moteli, naye akaondolewa. Baadaye Harry akaenda Florida kutafuta maisha akaiacha familia nyuma. Pearson akakosa wa kumkopesha pesa na wa kumvunia mazao. Mchungaji DeLaine akahamishiwa kanisa la mji mwingine, nyumba yake kule Clarendon ikachomwa 1951, na hilo kanisa nalo likachomwa Oktoba 1955, siku chache baadaye nyumba yake ikamiminiwa risasi usiku, naye akajibu risasi, hapohapo ikatoka hati ya kumkamata yeye. Akakimbilia New York, hakurudi kuishi kwao tena. Jina lake lilisafishwa mwaka 2000, alikuwa marehemu siku nyingi. Jaji Waring mwenyewe alitengwa na wazungu wenzake mpaka akahama 1952. Hao ndo waliotaka basi.

Na kesi yao ndo ilikuwa ya kwanza kufika Mahakama ya Juu, ilirudishwa chini mara moja kwa ajili ya ripoti, iliporudi Topeka ikawa imeshatangulia kwenye orodha. Mmoja wa majaji alieleza baadaye kwamba walipenda ya Kansas ikae mbele ili isionekane ni ugomvi wa kusini peke yake. Kwa hiyo jina la Briggs, lililolipiwa kwa kazi mbili na nyumba na kanisa, likazama kwa sababu za mpangilio wa faili.

Farmville malipo yalikuja kinyume, hukumu ilipopatikana. Kaunti ya Prince Edward, ndo yenye Farmville, ilipobanwa ichanganye watoto, mwaka 1959 ikafunga shule zote za serikali. Zote. Watoto weupe wakafunguliwa shule ya binafsi, watoto weusi kama 1,700 wakabaki hivihivi, wengine wakapelekwa kwa ndugu majimbo mengine, wengine walisoma vyumba vya chini vya makanisa, wengine hawakusoma tena maishani. Miaka mitano. Ilibidi Mahakama ya Juu iamue tena mwaka 1964 ndo zifunguliwe. Kila mara mwanafunzi akiniambia "kwa hiyo 1954 ubaguzi ukaisha", namwonyesha hii. Sababu yenyewe ipo kwenye hukumu ya pili ya Brown ya mwaka 1955, ambapo majaji walipoulizwa lini, walijibu kwa lugha ya kwamba mfanye kwa haraka yote inayofaa, na wabaguzi wakasikia tu lile la "inayofaa".

Topeka kwa upande wa weupe palikuwa shwari, bodi iliamua kuachana na ubaguzi mwaka 1953 kabla hata hukumu haijatoka. Maumivu yake yapo kwingine, walimu weusi waliogopa kwamba shule zao zikifungwa hakuna atakayewaajiri kufundisha watoto weupe, na wengine kweli hawakuongezewa mikataba. Hilo linasemwa kidogo sana. Delaware, mama Bulah hata baadhi ya weusi wenzake pale Hockessin hawakumuunga mkono, walikuwa na kashule kao na wanakapenda, mgogoro huo ungependeza kwenye mdahalo.

Sasa nichukue ipi

Kama ni wanasheria au mahakama ya kuigiza: Washington kwa hoja, na Delaware kama unataka upande wa wadai waanze wameshashinda na serikali ndo ipambane. Topeka ni nzuri hapa pia ila wape wale wenye kichwa, wengine watafanya kosa langu.

Kama una muda wa vipindi viwili: Clarendon cha kwanza, Topeka cha pili, kwa mpangilio huo na sio kinyume. Ukishaandika 179 na 43 watu wakaghadhibika, siku ya pili unawauliza: na kama zingekuwa 179 kwa 179? Hapo swali la yule mtoto wa nyuma linakuwa lako, umelitega mwenyewe.

Kama unataka kuunganisha na huku kwetu, kamba ipo na wala huna haja ya kuilazimisha. Thurgood Marshall, huyuhuyu wa Brown, Januari 1960 alikuwa London kwenye mkutano wa Lancaster House akiwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya, kwa mwaliko wa Tom Mboya, na akaandika rasimu ya haki za binadamu kwa ajili ya katiba ya Kenya. Na hapo Kenya na Tanganyika za mkoloni zilikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila mmoja kwake, bajeti kila mmoja yake. Babu na bibi wa wanafunzi wako waliisoma hiyo, waulizeni kabla hamjafungua kitabu. Cha kuchekesha ni kwamba Marshall kule London alikuwa anasumbukia kuwalinda wazungu na Wahindi wachache dhidi ya Waafrika walio wengi, kitambaa kilekile kimegeuzwa nje ndani.

Ila kama ni kipindi kimoja na wasikilizaji ni vijana, mi siku hizi sifikirii, nakwenda Farmville. Kesi nyingine zote zilianzishwa na wazazi na wachungaji na kinyozi. Hii ilianzishwa na binti wa miaka 16, Barbara Johns. Aliandika mwenyewe baadaye kwamba asubuhi moja aliachwa na basi, akiwa amesimama barabarani likampita basi la weupe limejaa nusu. Akawa amekwisha mlalamikia mwalimu wake wa muziki juu ya mabanda yale, mwalimu akamjibu, basi si ufanye kitu. Akakusanya wenzake wachache kwa siri wakapanga miezi.

Anza kipindi na simu. Tarehe 23 Aprili 1951, simu inalia ofisini kwa mwalimu mkuu wa Moton, sauti inasema wanafunzi wako wamekamatwa na polisi kule stendi ya mabasi, njoo. Mzee wa watu anachukua gari anatimka. Hakuna mwanafunzi stendi. Huku nyuma vikaratasi vinapita kila darasa vimesainiwa "J", herufi aliyozoea kuitumia mwalimu mkuu, kwamba wote ukumbini. Pazia linafunguka, jukwaani hayupo mwalimu, yupo Barbara, anawaomba walimu watoke nje. Wanafunzi 450 wakagoma wiki mbili. Wakawaandikia mawakili Oliver Hill na Spottswood Robinson, hao wakaja wakiwa na nia ya kuwatuliza warudi darasani, wakakuta watoto wanajua wanachosema, wakawapa sharti lilelile la Redding kwa mama Bulah: jengo jipya hatugusi, mkitaka kubomoa ubaguzi wenyewe tupo. Wakakubali. Mwezi mmoja kamili baada ya ile simu kesi ikafunguliwa, na Barbara akahamishiwa Alabama kwa mjomba wake kwa usalama, hata jina la kesi sio lake, ni la Davis. Alikuja kuwa mkutubi, akafariki 1991. Sanamu ya jenerali Lee, aliyeongoza jeshi la majimbo ya kusini yaliyotetea utumwa, iliyokuwa inaiwakilisha Virginia ndani ya Bunge la Marekani iliondolewa 2020, na jimbo likamchagua Barbara achukue nafasi yake.

Tahadhari moja: mi nikifika pale kwenye simu huwa namwomba mwalimu mwenzangu mapema asikae karibu na mlango, maana mara ya mwisho darasa zima liligeuka kumwangalia yeye na ofisi yake, akaja kuniuliza nawafundisha nini hawa watoto.